Nani Atamgusa Mtoto?

Filimbi nimeikabidhi, pampu ya mpira nimeikabidhi, na sanduku la dawa nimelirudisha likiwa na kila kitu isipokuwa mkasi, ambao ulichukuliwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kunyoa. Watu wananicheka kwamba hakuna anayestaafu akiwa bado na nywele nyeusi. Mimi nasema ligi ya vijana ya Sisibo, kama tunavyouita mji wa Eldoret, inazeesha. Mtu aliyeuliza "kwa nini" kila Jumapili tangu siku ya kwanza anastahili kupumzika, na waliolazimika kumsikiliza wanastahili zaidi. Ninyi walimu wadogo mnaopokea kazi hii mmeniomba niwaandikie inavyokwenda. Haya. Vyeo sitavitaja kwa sababu havikuwapo, na malipo yalikuwa chai.

Nilizaliwa kambini Turbo, baba yangu akiwa mpasua mbao. Nikaenda kusoma chuo kikuu kule Kampala, nikarudi Eldoret nikiamini kwamba kila jambo lina sababu yake, na kwamba yupo mtu anayeijua ila amekaa kimya. Nilipewa kufundisha shule ya lokesheni, mtaa wa Waafrika. Hata sijazoea harufu ya chaki, ofisa wa ustawi, Mzungu mmoja mrefu mwenye soksi za kufika magotini, akanifanya katibu wa ligi. Nilimuuliza kwa nini mimi. Akasema Kiingereza changu hakina makosa. Mpaka leo sijaona Kiingereza kikimzuia mtoto kuvunjika mguu.

Jumapili yangu ya kwanza nilishtuka, na nilikuja kugundua kwamba kushtuka ndiyo kazi yenyewe. Uwanja ulikuwa shamba lililovunwa mahindi. Mabua yalikuwa yamekatwa kwa panga, kwa mshazari, kila kisiki kimechongoka kama mkuki, na juu yake watoto walikuwa wakikimbia miguu mitupu huku wakicheka. Mpira ulikuwa wa ngozi, wa kufungwa kwa kamba, na kwa kuwa ulikuwa umelala kwenye umande ulikuwa mzito kama kichwa cha ng'ombe. Mtoto mmoja aliupiga kwa kichwa, akainuka na alama ya kamba kwenye paji la uso. Wenzake wakamshangilia. Halafu beki wa timu ya kwetu ya Lokesheni, aliyesajiliwa kuwa na umri wa miaka kumi na minne, akaja kuniomba ruhusa ya kuondoka mapema.

"Kuna nini nyumbani?" nikamuuliza.

"Bibi yangu amejifungua, Mwalimu."

Nilidhani anasema nyanya yake, nikazidi kushtuka. Kumbe ni mke.

Siku hiyo ndipo nilipomfahamu Mzee Eliakimu. Alikuwa dresa hospitalini, mtu wa kufunga vidonda na kuchoma sindano, mfupi, koti jeupe limefuliwa mpaka limekuwa laini kama kitambaa cha kichwa. Watu walimwita Daktari, naye hakuwarekebisha wala hakuwaitikia haraka. Jumapili baada ya kanisa alibeba sanduku lake la mbao akaja uwanjani bila kuombwa na mtu. Nilimwona akimshika kidevu yule beki mwenye mke, akakigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba kwenye ndevu.

"Huyu si mtoto," akasema. "Huyu ni mkwe wa mtu. Atoke."

Karibu kila ninachokijua kuhusu usalama wa mchezo nilijifunza kwake. Kabla ya mechi, watu wazima washikane mikono wapite uwanja mzima kwa mstari mmoja, macho chini, wakiokota misumari, vioo na mabua. Mpira upakwe mafuta ya ng'ombe Ijumaa, si Jumapili asubuhi. Kucha zikatwe. Vijana wa mashambani ambao masikio yao yametobolewa na kuvutwa wakunje ndewe juu ya sikio, maana niliona kidole cha mtoto kikinasa humo na sitaki kueleza zaidi. Maji ya kunywa yatoke kwenye debe letu lenye kifuniko. Usiyachukue kwenye pipa lolote la shamba la Mzungu hata likiwa safi namna gani, kwa sababu hujui lilikuwa na dawa gani ya kuoshea ng'ombe. Na mtoto akianguka, usimwinue. Kwanza uliza jina lake.

"Kwa nini jina?" nikamuuliza.

"Akilisema, ujue kichwa kiko. Asipolisema, ujue wewe utasema lako mbele ya wazazi wake."

Jioni za Alhamisi alitufundisha sisi walimu huduma ya kwanza, darasani kwangu. Alitulaza sakafuni tukawa wagonjwa. Alitufundisha hasa kumrudishia pumzi mtoto aliyezama mto Sosiani: kifudifudi, uso upande mmoja, unapiga magoti juu yake, unamkandamiza mgongo kwa uzito wako, unaachia, unakandamiza tena. Usichoke kabla yeye hajaanza kupumua. Nililalamika kwamba timu zetu hazichezi mtoni. Akasema pumzi haijali imepotelea wapi.

Sasa jambo ambalo mnapaswa kulijua juu ya Mzee Eliakimu ni kwamba alitoka Bunyore, na kila mtu wa upande wetu anajua Bunyore kuna wazee wa mvua, wanaosemekana kuiita na kuizuia. Yeye alikuwa mtu wa kanisa na wa dawa ya chupa, hakuwa na habari na mvua zaidi ya kununua mwavuli. Lakini kila msimu wa masika, mawingu yakianza kupanda kutoka upande wa Turbo, dereva wa lori aliyeileta timu ya Lokesheni angeanza. Jina lake Wafula. Alikuwa na mdomo ambao ungeweza kuendesha lori bila petroli.

"Ee Mnyore! Funga mfereji, watoto wanacheza!"

"Mfereji uko kwa bwana maji," Mzee Eliakimu angejibu bila kugeuka. "Mimi naweka tu iodini."

"Si ungetuambia mapema tuanike nguo!"

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka. Ulikuwa utani mzuri, wa kila Jumapili, na hakuna aliyeudhika, kwa hiyo hakuna aliyeuliza utani huo ulikuwa umesimama juu ya nini.

Timu iliyoniumiza kichwa zaidi ilikuwa Chepsaita. Walifundishwa na Mwalimu Kiptoo, mtu wa hukohuko, mkulima siku za kazi na mwalimu wa kanisa Jumapili. Vijana wake walikimbia kama maji ya mteremko. Lakini ngurumo ya kwanza ikisikika, hata iwe mbali, Chepsaita walisimama. Hawakupiga kelele wala hawakukimbia. Mwalimu Kiptoo angekwenda kwenye moto wa mama wa chai, achote majivu kwa mkono, ayatupe kuelekea wingu na kusema jambo taratibu kwa Kinandi. Kisha vijana wote wangetoka uwanjani wakitembea, wakaingia chini ya paa lolote lililokuwepo.

Kanuni ya ligi ilisema: timu itakayotoka uwanjani kabla ya filimbi ya mwisho imeshindwa. Ilitungwa kabla yangu, kwa sababu ya timu zilizokuwa zikitoka kwa hasira kila refa akiwanyima bao. Basi Chepsaita, wakiwa mbele kwa mabao, walitoka kwa sababu ya ngurumo wakapoteza mechi. Wakatoka tena mechi nyingine, wakapoteza tena. Watoto wa timu pinzani wakawatungia wimbo juu ya kuku na mvua.

Nilimwendea Mwalimu Kiptoo. Sikuwa nimekuja kumtetea, nilitaka sababu.

"Kwa nini mnatoka?"

"Ngurumo imesema."

"Imesema nini?"

Akaniangalia kama ninavyowaangalia wanafunzi wanaouliza kama kesho kuna shule. "Mwalimu, mwenye nyumba akikukaripia ndani ya nyumba yake, wewe unaendelea kupiga kelele?"

"Hiyo si sababu, Mwalimu. Hiyo ni heshima."

"Na heshima imeua nani?"

Sikuridhika. Nikaenda kwa ofisa wa ustawi, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati yetu, nikamuuliza kwa nini kanuni iliyotungwa kwa ajili ya hasira iwapate watu wasio na hasira. Nikamwambia kwamba nchi hii ya juu hupigwa na radi sana, kwamba kila mwaka kambini Turbo ng'ombe walikufa chini ya miti, na kwamba milingoti ya magoli ya uwanja wa Kimumu ni mabomba ya chuma, zawadi ya bwana shamba mwenye uwanja. Kamati nzima ilikuwa inajivunia mabomba yale. Yalipakwa rangi nyeupe, yalinyooka, hayakuliwa na mchwa.

Ofisa akasema kwao watu hucheza kwenye mvua tangu zamani. Nikamwambia sikutaja mvua.

"Umewahi kuona radi ikimpiga mchezaji?" akaniuliza.

"Bado."

"Ukiona, tutakutana tena kulizungumza."

Wajumbe wakacheka, wengine kwa sababu walielewa na wengine kwa sababu yeye amecheka. Likaandikwa kwamba timu itakayotoka mara ya tatu itafukuzwa katika ligi.

Fainali ikawa Kimumu, Lokesheni na Chepsaita. Lilikuwa shamba kubwa la ngano, na uwanja ulikuwa pembeni mwa stoo ndefu ya bati. Watu walijaa. Walikuja na malori na magari ya ng'ombe, akina mama na vitambaa vyao vya Jumapili, makarani wa mjini na viatu ambavyo hawakutaka vipate tope. Mwalimu Kiptoo alinifuata nikiwa nakagua wavu wa kamba ambao hatimaye tulikuwa tumeupata.

"Leo hatutoki," akasema.

"Nani ameamua?"

"Watoto. Wamechoka kuitwa kuku. Na wakifukuzwa kwenye ligi, mwakani watacheza na nani? Na ng'ombe?" "Majivu nitatupa. Lakini hatutoki."

Kipa wao alikuwa Kibet, mtoto mwembamba mwenye mikono mirefu, ambaye mama yake aliuza maziwa pale sentani, penye maduka ya Chepsaita. Mama Kibet alikuwepo, amekaa mbele kabisa. Kibet alikuwa na tabia ambayo makipa wengi wanayo: mpira ukiwa mbali, alirudi nyuma akashika mlingoti kwa mkono mmoja, kama mtu aliyeegemea mlango wa kwao.

Kipindi cha pili wingu lilipanda. Si polepole. Nyasi zikageuka rangi, upepo ukaja na harufu ya vumbi lililolowa, na Wafula akaanza.

"Mnyore! Leo ni fainali, baba! Umeshindwa hata kutuachia fainali?"

"Nimewaambia wazee, hawanisikii," Mzee Eliakimu akajibu, na watu wakacheka kwa nguvu kuliko kawaida, kwa kuwa walikuwa na wasiwasi.

Ngurumo ikasikika. Nikaona vijana wote wa Chepsaita wakisimama, wote, kama kamba imewavuta. Wakamtazama mwalimu wao. Mwalimu Kiptoo alikuwa na majivu mkononi. Akayatupa, upepo ukayarudisha usoni kwake. Kisha akawaonyesha kwa kidole: chezeni.

Nilikwenda kwa refa nikamwambia asimamishe. Akaniambia yeye anafuata kanuni, na kanuni nimeisoma mimi mwenyewe kwa sauti kabla ya mechi. Nilikuwa bado nimefungua mdomo kumjibu.

Sikusikia sauti kwanza. Niliona uwanja ukiwa mweupe, watu wakiwa weupe, kila jani la nyasi likiwa peke yake. Halafu ndipo mlio ukaja, na haukuwa kama ngurumo. Ulikuwa kama lori la bati limemwagwa juu ya vichwa vyetu. Nilikuta nimekaa chini. Sijui nilikaaje. Nilipoinuka, watoto waliokuwa karibu na goli la Chepsaita walikuwa wamelala wote, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kujiinua, wakilia. Kibet hakujiinua. Alikuwa chini ya mlingoti, mkono bado umenyooka kuuelekea.

Nikakimbia. Nikashikwa koti kwa nyuma nikaanguka. Alikuwa Wafula.

"Usimguse! Mwalimu, aliyepigwa na radi haguswi!"

"Niache!"

"Mpaka aje mwenye haki ya kumwinua! Ukimgusa, inarudi kukutafuta wewe na watoto wako!"

"Sina watoto! Sina hata mke!"

"Basi hutapata!"

Nilidhani ni mtu mmoja tu anayenishika. Walikuwa watano, sita, sijui. Miongoni mwao karani wa posta na mwalimu mwenzangu, yule aliyelala sakafuni kila Alhamisi akijifanya mgonjwa. Watu walikuwa wametengeneza duara pana kumzunguka Kibet, wamesimama kwenye mvua, na hakuna aliyevuka. Mama Kibet alikuwa anapiga mayowe, ameshikwa na wanawake mikono yote miwili. Mtu wa kanisa, mtu wa ofisi, mtu wa shamba, kabila hili na kabila lile, watu ambao hawakuwahi kukubaliana hata juu ya kona. Siku hiyo wote walikubaliana. Nimesoma vitabu vingi na hakuna kilichonishtua kama duara lile.

Nikamwona Mzee Eliakimu amefika ukingoni mwa duara na sanduku lake. Nikashusha pumzi. Nikajua sasa itakuwa sawa.

Akaliweka sanduku chini. Akarudi nyuma hatua, mikono wazi, kama mtu anayeonyesha kwamba hana kitu.

"Mzee!" nikamwita. "Huyo mtoto hapumui!"

"Naona."

"Basi!"

Alikuwa anamtazama Wafula. Ndipo na mimi nikasikia. Nyuma yangu Wafula, sauti yake imebadilika, haina kicheko hata kidogo, alikuwa anauliza watu: "Huyu Mnyore, nani alimwita hapa leo?" Na mtu mwingine akaitikia, "Si amesema mwenyewe, amewaambia wazee?" Na mwingine, "Tumesikia wote." Maneno yaleyale ya Jumapili zote yalikuwa yanarudi moja moja, na kila moja lilikuwa limeokota jiwe njiani.

Mzee Eliakimu akaniambia, kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya darasani, "Mwalimu, nikimgusa akifa, nimemmaliza. Nikimgusa akipona, nimeondoa nilichokileta mwenyewe. Wewe uliyesoma, niambie niguse lipi."

Mimi mwenye maswali yote yale nikabaki kumtazama Kibet. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu mwenyewe, nikijua yule pale hana hata moja.

Kisha duara likafunguka upande wa pili. Mwalimu Kiptoo, mtu ambaye hakukubali mtu akimbie ngurumo ikiwa juu, alikuwa anakimbia. Majivu yalikuwa yamemshika usoni na mvua inayachora mistari. Watu wakamwambia haguswi, haguswi.

"Haguswi na ninyi," akasema. "Mimi ni wa ukoo wa mvua. Hii ni yetu. Kama ina deni, inidai mimi."

Hakuna aliyemshika. Aliingia katikati ya duara, akapiga magoti kando ya Kibet, akaweka mkono juu ya kifua chake. Halafu akainua uso, na nikaona kwamba alikuwa na ruhusa yote duniani na hakujua la kufanya nayo. Akamtafuta mtu kwa macho. Akampata.

"Daktari," akasema. "Niambie."

Mzee Eliakimu hakusogea hata hatua. Alisimama palepale ukingoni, mikono wazi kila mtu aione, akapaza sauti.

"Mlaze kifudifudi! Uso upande! Toa matope mdomoni! Piga magoti, mguu huku na huku. Viganja chini ya mbavu. Sasa egemea. Egemea na uzito! Achia. Tena. Egemea! Achia."

Kiptoo akaegemea, akaachia. Mvua ilikuwa inapiga mgongo wake. Sijui ilichukua muda gani na simwamini mtu anayesema anajua. Najua kwamba walionishika walikuwa wameniacha na sikuwa nimetambua. Nikavuka, nikapiga magoti kichwani pa Kibet, nikazuia uso wake usiingie kwenye tope. Hakuna aliyenizuia tena. Mlango ulikuwa umeshafunguliwa na mwenyewe.

"Nimechoka, Daktari," Kiptoo akasema.

"Usichoke kabla yake! Egemea!"

Kibet akakohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo, kibaya, kama cha mbuzi. Kisha akavuta hewa kwa mlio, akaivuta tena. Wanawake wakamwachia mama yake. Nami, kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu, nikamwuliza jina lake. Akalisema. Kisha akauliza kama bao limeingia.

Alipona. Kiganja kiliungua na sikio moja halisikii mpaka leo. Wakati wote huu watu walimzunguka Mwalimu Kiptoo, wakimshika mabega, na nilipotafuta koti jeupe sikuliona. Mzee Eliakimu alikuwa ameondoka peke yake kwa miguu, barabara ya kurudi mjini. Sanduku lilibaki ukingoni, linajaa mvua. Nilipomfuata hospitalini siku za baadaye, alinipokea vizuri, akanipa kiti, akasema uwanjani hatarudi. Sikumuuliza kwa nini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Ofisa wa ustawi alitimiza ahadi yake: tulikutana tena. Hakucheka. Mabomba yaling'olewa, tukaweka magogo ya mtarakwa. Kanuni ikabadilishwa: ngurumo ya kwanza, filimbi, wote ndani ya stoo au ndani ya lori, si chini ya mti, mechi itamaliziwa siku nyingine kwa mabao yaleyale. Nilidhani nitafurahi. Lakini kila nikifumba macho niliona lile duara, na nikawa najiuliza: Je, kama angekosekana mtu wa ukoo wa mvua? Je, kama ingekuwa timu nyingine, siku nyingine, kifafa badala ya radi, au mtoto anayetoka damu ambaye watu wanasema amelogwa? Sikuweza kuwabadilisha watu wote imani zao kwa kikao kimoja, na sina hakika ningekuwa na haki. Kwa hiyo nikaomba kanuni moja zaidi, ile ambayo wageni huishangaa: kabla ya mpira kuanza, kila timu imtoe mtu mzima mmoja, asimame katikati mbele ya watu wote, aseme kwa sauti kwamba mtoto yeyote akianguka leo, kwa jambo lolote, yeye atamgusa, na watu waitikie kwamba ana ruhusa. Wajumbe walisema ni upuuzi. Ofisa akasema ipite.

Fainali ilirudiwa Kimumu. Upande wa Chepsaita, Mwalimu Kiptoo alisimama, akasema, wakamwitikia. Upande wa Lokesheni, wa kwetu sisi watu wa mjini, hakusimama mtu. Niliita. Nikaita tena. Makarani walikuwa wanatazama viatu vyao. Mimi kama katibu sikuruhusiwa kuwa wa upande wowote, na nilikuwa nimeitunga kanuni hiyo mwenyewe.

Mama Kibet akainuka kutoka upande wa Chepsaita. Akavuka uwanja wote, akapita goli, akaenda mpaka kwenye seng'enge ambako watu wasiotaka kuonekana husimama. Huko alikuwepo mzee mfupi bila koti jeupe, amevaa kofia ameishusha mpaka kwenye macho. Akamshika mkono wa shati akamleta katikati kama mtu anayeleta ndama.

"Huyu anakaa Lokesheni ama hakai?" akauliza watu.

"Mama, niache," Mzee Eliakimu akasema. "Mimi ni Mnyore."

"Najua. Na mtoto yangu asubuhi amekula ugali sahani mbili." Akageuka. "Wafula ako wapi? Wewe wa mdomo. Kuja hapa. Sema mbele ya watu kama huyu mzee ana ruhusa."

Wafula akaja. Alivua kofia. Nilimwona akitafuta neno, mtu ambaye hajawahi kukosa neno.

"Ana ruhusa," akasema.

"Hawajasikia huko nyuma."

"Ana ruhusa!"

Watu wakaitikia, kwanza wachache, kisha wote. Mzee Eliakimu akainua kofia kidogo. "Mtoto yeyote akianguka leo," akasema, "nitamgusa." Akarudia tena kana kwamba hakuna aliyesikia.

Nikampa refa mpira. Hapo hapo, mbali kabisa, upande wa Turbo, ngurumo ikasikika.

Kila jicho lililokuwa uwanjani lilimwendea yule mzee, na yeye alilijua hilo, akasimama wima. Refa akapiga filimbi kabla mpira haujaguswa. Tukaingia stooni, Lokesheni na Chepsaita pamoja, tukajibana kwenye magunia ya ngano huku mvua ikipiga bati. Mzee Eliakimu aliingia wa mwisho. Hakukimbia. Alisimama mlangoni akitafuta mahali, maji yanamtiririka.

Wafula alikuwa amekaa kwenye gunia zuri, lile la karibu na ukuta. Akafungua mdomo. Nikamwona akiufunga. Akasogea, akapangusa gunia kwa kofia yake, akampisha akae.